Stany mu Hewa

Kazi tatu, 11 juin 2025

Leo nilimupata! Stany, bwana yangu, gardien wa goli ya timu ya quartier yetu — nilimukamata mu hewa. Siku zote udongo nyekundu ya uwanja inakulaka foto zangu: jezi nyekundu, mupira nyekundu, hata meno. Leo nilitosha rangi yote, nikabakisha nyeusi na nyeupe. Njo akaonekana. Amelala juu ya hewa, mikono mbele, vumbi nyuma yake kama moshi ya mbabula ya makala.

Nilikaa tumbo chini pembeni ya goli saa nzima. Kiwiko inauma. Miaka kenda ya ndoa na bado namuangalia hivi. Sina haya.

Nimetengeneza moja kubwa, mètre moja na nusu. Iko mu kioo ya mbele ya studio yangu ya foto.

Kazi ine, 12 juin

Coach Kankolongo alipita ku studio. Anasema mechi ya yenga, kiisha siku tatu, ni ya mwisho kwa Stany. Akifungwa tena bubaya, Akram, kijana wa miaka kumi na kenda, anakamata nafasi. Tangu kiatu ya mutu ilimupiga Stany ku uso mwaka jana, mipira inamupita.

Stany alinificha ile habari.

Kazi tano, 13 juin

Aibu gani hii. Jana shangazi ya Stany, Mama Laurentine, alipita mbele ya studio. Akaona Stany mukubwa, bila rangi, amelala, macho imefungwa. Kwao foto ya namna ile ni ya kilio. Hakuingia kuuliza! Alipiga simu Lubudi, kwa mama ya Stany, eti amekufa.

Leo jioni mama mukwe, Mama Ntumba, ameshuka na bamama sita, bitambaa kiunoni, kilio tangu ku barabara. Stany akatoka ku bafu na sabuni mu masikio. Mama alimupiga kofi mbili, akamukumbatia, akamuongeza ya tatu.

Walileta na machungwa ya kulisha batu ku kilio, mufuko muzima.

Posho, 14 juin

Mama mukwe anataka nitoshe foto mu kioo. Nikamwambia ni nzuri kupita zote nilizopiga. Akasogea karibu na foto, akaangalia macho. Akasema: huyu anaogopa. Tangu mutoto, akiogopa anafungaka macho.

Nikafungua foto zote mu ordinateur. Makumi ine na mbili. Kila anaporuka, macho imefungwa. Zote. Na ni mi nilizipiga. Niliona uzuri tu, woga sikuona.

Nilimuonyesha Stany. Akasema afazali ningemupiga foto uchi. Akatoka inje.

Mama akamufuata mu lupango na mufuko ya machungwa. Akaanza kumurushia ku uso, moja moja. "Fungua, Stany." Machungwa saba ilipasuka ku ukuta. Mbili alizikamata, macho wazi. Nilichungulia ku dirisha. Nilimupenda sana pale, na juisi ku kidevu.

Yenga, 15 juin

Naandika juu ya goti, nyuma ya goli. Tunaongoza moja kwa sifuri. Dakika ya mwisho — na penalti juu yetu. Bachezaji bote bamezunguka arbitre, bado banabishana. Coach hataki kuangalia. Akram ameshavaa gants za gardien ku mikono.

Mama iko pembeni yangu na kile kitambaa ya kilio kiunoni, hakuleta ingine. Ananiambia niache kuficha uso nyuma ya appareil ya foto, bwana yangu anione. Nimeishusha. Sijawahi kumuangalia akiruka bila appareil.

Stany amegeuka. Ametuona. Ameweka vidole chini ya macho, ameivuta chini, vile anafanyiaka mutoto yetu kumuchekesha. Nimecheka. Machozi pia.

Sasa banatoka. Arbitre ameweka mupira chini. Mama amenikamata mukono. Anasema polepole, si kwangu: fungua, tata, mutoto yangu. Fungua.

Na mi ndiye nimefunga macho —