Bunduki Mbili na Dubu wa Khalaf

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Khalaf amekuja kutoka Nizwa na bakuli la halua. Leo si Idi, na nyumbani hakuna mgonjwa wala aliyejifungua. Halua ya nini? Mume wa binti yangu Ghaliya ni huyu, mwaka wa kumi na moja sasa, na hajapata kukanyaga hapa Ibra siku ya kazi.

Nikangoja. Akala tende, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akakitikisa cha mwisho kuonyesha ametosheka. Ndipo akasema. Ati wenzake wa kazini wanakwenda Urusi mwezi ujao kuwinda dubu, na yeye yumo.

"Ami, bunduki unazijua wewe. Dubu anapigwa kwa ya marisau au kwa ya risasi?"

Nilifurahi, nakiri. Siku hizi haniulizi mtu kitu. Nikamweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikisomesha skuli. Dubu wa msituni utamwona akishakuwa karibu, hatua thelathini, arubaini. Chembe za marisau zitamtia hasira tu. Lakini bunduki hiyo hiyo ukiitia risasi moja nene, anaanguka. Tena ina mitutu miwili: ukikosa ya kwanza ipo ya pili, huhangaiki kuvuta komeo la bunduki. Ya risasi ni ya mbali, ya mahali peupe. Kwa hiyo kwa mtu mgeni wa dubu, achukue ya marisau.

Nilidhani atashukuru. Uso ukamshuka.

"Na ile 303 yako ya risasi, ami? Mita mia mbili inafika sawasawa? Ukiwa wewe uko juu, unalenga chini?"

Nikamuuliza, huko wageni si hupewa bunduki huko huko? Akajibu haraka — ya mazoezi tu!

Dubu gani huyu wa mita mia mbili, tena yuko bondeni?

Jumatano, 6 Novemba

Nimesoma. Ninayo ensaiklopidia ya wanyama, juzuu nne, niliyoinunua Maskati nilipostaafu. Dubu wa Urusi huingia pangoni mwanzo wa baridi kali na hulala mpaka majira ya kuchipua. Disemba! Khalaf anakwenda kumpiga dubu aliye usingizini.

Ghaliya alipiga simu magharibi kutuamkia. Nikamuuliza kwa mbali, mumeo anasafiri? Akacheka.

"Baba, asafiri wapi? Pasi yake imekwisha tangu Ramadhani, kila siku namwambia akaibadilishe."

Nikageuza mazungumzo. Ana watoto watatu na moyo mwepesi.

Fawziya alikuwa anasikiliza. Mke wangu husikia kila kitu ila anapoitwa. Akasema, "Wewe tangu mwaka wa sitini na nne unamshuku kila mtu. Hata muuza samaki unamtazama kama kaiba samaki."

Kweli. Lakini yule muuza samaki alikuwa anatuuzia wa jana.

Ijumaa, 8 Novemba

Kaja tena, baada ya sala. Leo dubu hatajwi kabisa. Leo kuna arusi Manah, Alhamisi ijayo, kwa Ghanim rafiki yake, anaoza mwanawe. Wanaume wataingia na azwa, ile ngoma ya panga na bunduki, na Khalaf hana bunduki ya kuinua. Ataiazima 303 siku mbili.

Hapo kanishika pabaya, naye anajua. Bunduki ya arusi hainyimwi. Nimeishi nchi hii miaka hamsini na kitu na sijamsikia mtu aliyesema hapana. Anayenyima huambiwa hamtakii bwana arusi kheri, na maneno hayo hayafi, yanahamia kwa watoto. Watu hugombana kwa mashamba na maji ya mifereji ya falaji, na bado bunduki wanaazimana.

Nikamwambia achukue ile ya marisau, ni nzuri zaidi, ina nakshi ya fedha kitakoni.

"Ami, nitachekwa! Wataniambia nimekuja kupiga kunguru." Kisha akanitania, mbele ya Fawziya. "Au nyie watu wa Unguja hamjajua bado mambo ya azwa?"

Yeye mwenyewe kazaliwa Mwanza, dukani kwa baba yake, na alipofika huku hakuwa akijua hata kuvaa kilemba. Fawziya akacheka mpaka akashika ubavu. Na mimi nikacheka. Na katika kucheka nikasema: njoo Alhamisi uichukue.

Neno limenitoka. Leseni ina jina langu, bunduki zote mbili. Atakalolifanya nayo nimelifanya mimi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimempigia Sleyum wa Manah. Tulikaa dawati moja Unguja, na kwa Mungu hajui kunong'ona.

"Arusi? Kwa Ghanim?" Ilinibidi niisogeze simu mbali na sikio. "Yule kafiwa na mamake wiki iliyopita! Mimi mwenyewe nilikwenda taazia. Nani huyo anakutania na maiti?"

Nikasema labda nimesikia vibaya. Akauliza kama nimeanza kuzeeka. Nikamwambia nimeanza zamani.

Basi, hakuna dubu na hakuna arusi. Kuna mtu anayeitaka bunduki ya risasi, na nyingine haimfai.

Jumapili, 10 Novemba

Sikulala vizuri. Nimeifikiria kama hesabu ya skuli. Mnyama wa mita mia mbili. Mpigaji yuko juu, mnyama yuko chini, katikati pana bonde ambalo marisau hayavuki. Uongo mara mbili, kwa hiyo ni haramu ya serikali. Katika nchi hii jawabu ni moja: waali, mbuzi wa majabalini. Wamebaki wachache, na kumpiga mmoja ni kifungo.

Na wako wapi? Dima wa Tayyin. Ndiko aliko Osama.

Osama ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu Aflah. Nimemlea mimi tangu ana miaka tisa. Sasa ana ishirini na saba na ni mlinzi wa wanyama huko, kazi aliyoililia kwa miaka miwili. Idi iliyopita alinionyesha kwenye simu picha ya dume moja zee, manyoya marefu mpaka magotini, limesimama ukingoni mwa jabali kama linasubiri kupigwa picha. Alilitaja kwa fahari, utadhani kalizaa. Huzunguka huko peke yake, na darubini na redio, silaha hana.

Khalaf juu ya jabali na 303 yangu, amejificha. Osama anapanda, anapiga kelele "Nani hapo?" Mtu aliyeshikwa na hofu hufanya nini?

Nimekumbuka lile ambalo silitaki. Disemba ya sitini na tatu jirani yetu alikuja kwa baba kuazima bunduki. Nguruwe wanamla muhogo wake shamba. Baba akampa na marisau ya kutosha, na akamwambia arudishe akipenda. Mwezi uliofuata, wa mapinduzi, tuliiona tena, begani kwa mtu tusiyemjua, mlangoni kwetu. Baba aliitambua kwa ukanda, alikuwa kaushona mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona macho yake.

Hatoi mtu wa nyumba hii bunduki mara ya pili kwa sababu ya kuona haya.

Jumanne, 12 Novemba

Nimempigia Osama. Siku mbili nilikuwa nachagua maneno. Sikutaka kumtaja Khalaf, ni mume wa shangazi yake. Nilisema tu: mjukuu wangu, uwe macho wiki hii, nimesikia kuna mtu anataka kuja huko kuwinda.

Upepo wa majabali ulivuma kwenye simu.

Kisha akasema, kwa sauti laini ile ile aliyokuwa akiniombea ruhusa ya kwenda kucheza mpira, "Babu, we mpe tu ile ya risasi. Ya marisau haivuki bonde."

Sikumtajia mtu. Sikumtajia bunduki.

Nikasema vyema. Nikasema Mungu akuhifadhi. Nikakata simu, nikaenda kukaa chooni kwa sababu ndiko kwenye komeo la mlango.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuna.

Alhamisi, 14 Novemba, baada ya alasiri

Wamekuja wote wawili, gari moja. Osama kavaa kanzu nyeupe na kilemba, wakati leo ni zamu yake, najua, ratiba aliniandikia mwenyewe. Kanibusu kichwani. "Shikamoo, Babu." Nikaitikia marahaba, ulimi umejibu kabla yangu. Ana harufu ya udi. Udi wa Fawziya, anamtilia kila akija.

Wako majlisini, chumba cha wageni. Huku chumbani nawasikia. Fawziya anawasimulia ya mimi na muuza samaki, na Khalaf anacheka kuliko kichekesho chenyewe. Osama hacheki. Amemwambia bibi yake asimwongezee kahawa, ana safari.

"Ami, tutachelewa arusini!" Khalaf, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Sanduku nimelifungua. Zote mbili ziko kitandani, juu ya shuka. Pembeni ya kitako cha 303 nimeweka simu yangu na karatasi ya nambari ya kutoa taarifa ya majangili, karatasi aliyoileta Osama wiki ya kwanza ya kazi yake, akaibandika mwenyewe kwenye friji. Nimeibandua asubuhi, Fawziya hajaona. Nikipiga, la kwanza watakaloniuliza ni eneo la mlinzi gani.

Nikiwapa ya risasi, nimemtia Osama kosani kwa mikono yangu. Nikiwapa ya marisau, watakwenda kuazima kwa mtu mwingine, asiyejua dubu analala lini. Nikipiga simu, atakayekamatwa ni mtoto wa Aflah.

Khalaf kaita tena. Sasa naona kuna aliyenyanyuka — nyayo ukumbini, nyepesi, si za Khalaf. Zimesimama nje ya mlango.

"Babu? Nikusaidie kubeba?"

Nimemwambia aingie, yeye peke yake, na afunge mlango nyuma yake. Ile karatasi yake aione kwanza, kabla ya kugusa bunduki.