Pindo la Kanga Chini ya Nyuzi

Madale, Jumatano asubuhi

Mama Neema, mke wangu mpendwa,

Uniwie radhi kwa kukaa miezi saba bila kukuandikia. Shule ya misheni ilitufundisha kuanza barua kwa kuuliza hali ya mwenzetu, nami sijui nikuulizeje. Ya kwangu ni hii: nakula, nalala, naenda kanisani. Sijalia. Watu wanadhani ni ushupavu. Mimi naona ni kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi: upo, lakini hausikii.

Nguo zako tuligawa siku ya kuanua matanga, kama desturi inavyotaka. Dada yako aliniuliza, "Shemeji, hubakizi hata kanga moja?" Nikamjibu kwa adabu kwamba zote ni zao. Nisamehe. Nilidhani ndivyo mwanamume anavyopaswa kujibu.

Juzi alinitembelea dada mmoja kutoka Mabibo, mpiga besi wa bendi ya roki. Amezisikia kanda za zamani za bendi yetu. "Shikamoo babu," alisema. "Mie nimebadilisha nyuzi, nimebadilisha spika, mpaka nimechoka. Ile besi yako, nene halafu inakata hapo hapo, ulikuwa unaitoaga wapi?"

Nikamjibu kama nilivyowajibu wote kwa miaka arobaini: "Ni vidole, binti yangu."

Unakumbuka ilivyokuwa. Chumba chetu kimoja cha Buguruni. Neema mchanga, homa imemwachia, ndiyo kwanza amelala. Nami nina onyesho Jumamosi, sharti nifanye mazoezi. Ulikata pindo la kanga yako, ukalikunja, ukalisokomeza chini ya nyuzi za gitaa langu pale zinapofungwa. Nilifoka kwamba umeniharibia chombo. Ukasema, "Piga basi, tusikie kilivyoharibika. Ila mtoto amelala." Nikapiga. Sauti haikuvuma tena. Ilitua, fupi na ya mviringo. Ukacheka: "Baba Neema, leo unapiga kama mtu aliyeshiba."

Jumamosi sikulitoa. Kiongozi wa bendi aliponiuliza nimejifunza wapi, nilimwonyesha vidole vyangu. Tangu hapo sauti ikaitwa yangu. Nawe ulikuwa umeketi mbele, ukapiga makofi. Hukunisuta hata siku moja. Hilo ndilo linalonishinda.

Basi dada yule akaliinamia gitaa. "Na hiki kitambaa je, babu? Mbona kimechakaa hivi? Nikuletee sponji mpya?"

Nikatazama. Mama Neema, nilikuwa nimesahau kwamba kipo. Nilizigawa zote, hiki kikabaki. Rangi imekwisha, kimekakamaa kwa jasho langu, lakini ni pindo lako.

Nikasema, "Tafadhali, usikiguse. Nimekudanganya. Si vidole. Ni mke wangu." Akaniuliza jina lako. Nikalitamka.

Bado sijalia. Ila alipoondoka nilipiga uzi mmoja, nikasikia kitu kwenye ncha ya kidole gumba. Kidogo tu.

Ameniomba nipige nao Jumamosi. Nakuahidi: kabla sijagusa uzi wa kwanza nitasimama, niwaambie watu sauti hii ni ya nani, na nitalitaja jina lako lote. Nimechelewa miaka arobaini. Naomba uipokee ahadi hii hivyo hivyo.

Lala, mama. Nitapiga taratibu, nisikuamshe.

Mumeo,
Baba Neema