Koti Lililofumuliwa

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na nyuma ya salamu maswali: goti la kulia bado linakusumbua ukikanyaga cherehani? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Mimi mzima, ila nywele zimenikimbia. Najua mtu aliyekaa kimya miaka tisa hana haki ya kuanza na habari za goti. Nivumilie, nitafika huko.

Siku hizi nafundisha ushonaji kwenye chuo kidogo, ghorofani, juu ya duka la rangi. Tuna vyerehani kumi na vinne, vizima kumi na kimoja. Wanafunzi wananiita Mwalimu Futi, kwa sababu futi ya kupimia hainitoki shingoni hata nikienda msalani.

Mwanzoni mwa muhula mama mmoja alimleta binti yake, amemshika mkono kama anampeleka kuchomwa sindano. Wenzake walimpa jina la Sitaki siku hiyohiyo. Nilimwambia atunge uzi, akasema hataki. Nikamuuliza anataka nini, akasema hataki kuulizwa. Nikamsifia, nikamkaripia, nikamnyamazia. Yote aliyapokea kwa uso uleule. Mkuu wa chuo akaniambia kwamba muhula ukiisha bila nguo hata moja, binti atarudi kwao na kiti atapewa mwenye haja nacho.

Sasa mimi unanijua, kuchungulia ndiyo kazi yangu ya kwanza. Wenzake wakikosea pindo walimtupia yeye afumue, na Sitaki alifumua, dada! Wembe ulipita katikati ya mshono bila kugusa kitambaa. Na kabla ya kukata aliigeuza nguo, akaitazama ndani. Wengine hutazama nguo ilivyopendeza, yeye alitazama ilivyoshikana. Nikajisemea, huyu hachukii kushona, ila hajapata nguo inayostahili wembe wake.

Pale chuoni nguo ya namna hiyo ilikuwa moja tu: koti langu la kijivu. Ndiyo, lilelile ulilonishonea. Nikamwekea mezani, nikamwambia alifumue lote, kila kipande akitie namba kwa chaki. Kwa mara ya kwanza hakusema hataki. Aliuliza tu kama nina akili timamu.

Siku ya tatu alifika kwenye kola, akaukuta ule mshono wako mmoja wa uzi mwekundu, unaouficha kwenye nguo za watu wa nyumbani tu. Akauliza mbele ya darasa zima ni nani aliyeshona koti hili, maana, alisema, mtu huyo na mwalimu wetu wanakata bega kwa namna moja.

Dada, hapa kalamu inakuwa nzito. Miaka yote hii, kila aliyeniuliza nani alinifundisha, nilimjibu kwamba nilijifunza mwenyewe. Hata kwenye fomu ya kazi niliandika hivyo, kwa herufi kubwa. Miaka ile tisa iliyopita ulinifumulia suruali niliyoishona, mbele ya mteja, ukaniambia nirudie, nami nikachukua koti langu nikaondoka kama mtu aliyedhulumiwa. Suruali yenyewe mguu mmoja ulikuwa mfupi. Mteja angeonekana anashuka ngazi hali amesimama.

Basi siku ile ya kola niliwaambia wanafunzi habari yote, na kwamba mwalimu wangu ni wewe. Darasa zima likacheka ile suruali. Sitaki hakucheka. Alisema basi koti lazima lirudi lilivyokuwa, kwa sababu aliyelishona anaweza kuja kuliulizia. Akaanza kulishona upya, kipande kwa kipande. Mkono wa kulia aliufumua mara tatu bila kuambiwa na mtu. Mkuu wa chuo alilijaribu, akajigeuza mbele ya kioo, akalivua taratibu. Habari ya kiti hajaitaja tena.

Nimelivaa nikiandika barua hii. Uzi mwekundu upo palepale, hatukuugusa. Ila mkono wa kushoto umeshikizwa kwa muda tu, kwa bandi. Sitaki alitaka kuumalizia, nikamzuia. Chuo kikifunga nitakuja, nikae kwenye kile kigoda kando ya cherehani chako, niushone huku unanitazama. Ukiona umekaa upande, ufumue. Hata kama wateja wamejaa mlangoni.

Nisalimie shemeji na wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka uwakumbushe.

Ni mimi mdogo wako,
mwanafunzi wako.