Yaliyotupata Kwenye Kidimbwi cha Juu

Chumba cha juu,
Nyumba ya fundi bomba,
Nyuma ya kiwanda cha sare.

Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu na za mama mkwe. Amelala hapa kitandani kwangu, mkono kwenye plasta, na ananiamuru niandike herufi kubwa usije ukasumbua macho. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto je, na yule mdogo meno yameshaota? Mgongo wako unaendeleaje, bado unainua injini peke yako kama mtu asiye na akili? Mimi ni mzima, isipokuwa sikio la kushoto linavuma kutwa kucha kama cherehani iliyokosa mafuta. Daktari anasema huenda litapona, huenda lisipone.

Barua yako niliipata Jumatano. Umeuliza mambo mawili: mtu anaanzaje kuvua samaki wa trauti bila kufilisika, kwa kuwa huko ulikohamia kijito cha maji baridi kinapita nyuma ya karakana yako, na kama ni kweli alivyokwambia mama mdogo, kwamba nimemfumua mtu uso. Kaka, ni habari moja. Nitakueleza yote kwa pamoja.

Unajua tulivyokuwa tukiishi mimi na mama mkwe tangu tumzike mume wangu. Nyumba moja, jiko moja, na maneno yetu ya siku nzima yalikuwa "pisha" na "chumvi iko wapi." Kila mmoja alimwona mwenzake ndiye aliyebaki badala ya yule aliyetakiwa kubaki. Halafu kiwanda kikatupunguzia saa za kazi, nikawa nashinda chumbani natazama ukuta. Jumamosi moja akasimama mlangoni na mianzi miwili begani.

"Vaa viatu," akasema. "Ukuta huo hauna kitu. Nimeutazama kabla yako."

Wewe ulimjua kama mama wa shemeji yako tu. Huyu bibi alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye mabwawa ya kufugia trauti, akipasua matumbo ya samaki tangu asubuhi mpaka jioni. Yule samaki anamjua kuliko alivyomjua marehemu mumewe, na hayo ni maneno yake mwenyewe.

Basi sikiliza. Usiende dukani kununua fimbo yenye gurudumu la kuzungushia mshipi. Kata mwanzi mwembamba unaokuzidi urefu mara mbili, ukaushe taratibu kwa joto la jiko mpaka ukiupinda unanesa wala hauvunjiki. Mshipi ndio usiubanie: nunua mwembamba, mpya, usioonekana majini. Ndoana ziwe ndogo, kama kucha ya kidole cha mwisho. Chambo chako cha kwanza kitakuwa nyungunyungu wa kuchimba chini ya jiwe lenye unyevu. Ukishazoea, funga chambo cha manyoya: unyoya wa kuku, uzi mweusi, basi. Mimi uzi naokota chini ya cherehani kiwandani. Na kibali cha kuvua nenda ukakate ofisini. Hapo usifanye ujanja.

Viatu vaa vikuukuu vyenye soli ya kushika. Nguo iwe ya rangi ya majani yaliyokauka. Trauti hukaa ameelekea maji yanakotoka, kwa hiyo mwendee kwa nyuma, umeinama, kivuli chako kisimguse. Rusha chambo juu yake, kiache kishuke na maji chenyewe. Akikidaka utasikia mkononi kama mtu amekukwapua kitu. Hapo inua, usivute kwa pupa.

Akishatoka majini, muue papo hapo. Tuna kirungu kifupi cha mti mgumu, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Pigo moja, nyuma ya macho. Siku ya kwanza nilipiga vibaya, nikapiga tena na tena mpaka samaki akawa hafai kupikwa. Mama mkwe akaninyang'anya.

"Unamuua au unamtwanga?"

Nikacheka. Kaka, nilikuwa sijacheka miezi kumi na minne. Naye akacheka, tumekaa pale kwenye mawe, mikono imejaa damu na magamba, tunacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo tukawa watu wa nyumba moja kweli.

Sasa la pili.

Juu ya kijito chetu kuna machimbo ya mawe, na kule kuna mtu wanamwita Jiwe. Kazi yake ni kutega baruti. Akawa anaiba kidogo kidogo, anaitia kwenye chupa, anachomeka utambi, anatupa kwenye vidimbwi. Samaki wote wanaelea, wakubwa kwa vitoto, yeye anachagua wanono na kuacha wengine wakioza. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema, maana Jiwe aliwahi kumvunja taya muuza mkaa kwa sababu alimtazama.

Jumamosi ya tarehe moja, yapata saa tatu asubuhi, tulikuwa kidimbwi cha juu kabisa. Jua zuri, maji unaona mpaka changarawe. Tayari nilikuwa nimepata wawili. Jiwe akatokea ng'ambo, chupa mkononi, akavuka maji kwa hatua tatu.

"Ondokeni. Hapa nataka kufanya kazi."

Mama mkwe hakugeuza hata kichwa. "Kazi gani? Wizi?"

Jiwe akauchukua mwanzi wa mama mkwe, akauvunja kwa goti. Mama akainuka, akamtemea mate kifuani. Ndipo alipompiga. Kaka, sikuwahi kusikia mfupa ukivunjika. Alimpiga kwa kipande cha ule mwanzi, mama akainua mkono kujikinga, na sauti ikatoka kama kuni kavu. Akaanguka kwenye mawe, kichwa kikagonga, damu ikaanza kushuka sikioni. Jiwe akainua mguu amkanyage.

Nilirusha mwanzi wangu bila kufikiri, nikavuta. Ndoana ikamwingia shavuni, chini ya jicho. Akapiga ukelele, akageuka kunifuata, nami nikazidi kuvuta, na kadiri alivyonijia ndivyo shavu lilivyochanika. Akaukamata mshipi, akaukata kwa mkono, akanishika koo. Vidole vyake vilinuka baruti. Nikaona weusi pembeni mwa macho. Mkono wangu ukapapasa mfuko wa samaki, ukapata kirungu.

Pigo la kwanza lilimpata sikioni, akaniachia. La pili puani. La tatu akapiga magoti majini, mikono imefunika kichwa, anasema, "Basi, dada, basi." Na hapo, Kaka, ndipo ningekoma kama ningekuwa mtu mwema. Sikukoma. Nilimpiga mtu aliyekuwa anasema basi. Nilimpiga vidoleni mpaka akaviondoa kichwani, kisha nikampiga pale alipoviondoa. Maji yakawa mekundu mpaka kwenye magoti yangu. Sikuwa na hofu wala hasira. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyekunwa mahali panapowasha kwa muda mrefu. Sijamwambia mtu mwingine neno hili, na nikikutana nawe usinikumbushe.

Aliyenizuia ni mama mkwe. Alipiga kelele, nami nikadhani ananikataza kupiga. Kumbe alikuwa anaonyesha mawe. Jiwe alikuwa ameshawasha utambi mrefu wakati anavuka, ili atutishe tukimbie, na chupa aliilaza kwenye mawe alipouvunja mwanzi. Ilikuwa imelala hatua moja kutoka kichwa chake, utambi unatoa moshi, umebaki kama kidole gumba.

"Mwache! Kimbia! Mwache hapo!"

Sijui kwa nini sikumwacha. Watu wanasema nimemwokoa, mimi sina hakika. Chupa ilikuwa mguuni pangu, nikaipiga teke ikaingia kilindini, nikamwangukia mama mkwe. Halafu dunia ikapasuka. Maji yalipanda juu kama ukuta, mawe yakanyesha, kitu kikanichana mgongoni, na sikio langu la kushoto likafa. Tulipoinua vichwa, kidimbwi kizima kilikuwa cheupe kwa matumbo ya samaki. Wengine walikuwa wadogo kama sindano. Jiwe alikuwa amekaa, anatapika damu na maji, analia kwa sauti ya mtoto.

Askari wa mto alifika kwa mlio ule. Kwenye mfuko wa Jiwe akakuta utambi uliokunjwa na chupa nyingine mbili. Tukapelekwa hospitali kwenye gari moja, sisi watatu, sakafuni, bega kwa bega.

Siku ya pili nilikwenda kituoni kueleza ukweli wangu, nikamkuta mama mkwe ameshatangulia, plasta bado mbichi. Alikuwa amekaa mbele ya mkuu wa kituo anamwambia, "Aliyempiga ni mimi. Huyu binti alikuwa anafunga ndoana." Mkuu wa kituo akanisikiliza na mimi, kisha akaweka kalamu chini.

"Jiwe mwenyewe anasema aliteleza kwenye mawe. Bibi anasema amempiga yeye. Wewe unasema ni wewe. Sasa niandike nani?"

"Tazama mkono wake," nikamwambia. "Mkono huo ungempiga nani?"

Akaandika maelezo yangu. Kuhusu kupigwa, akasema mtu aliyekabwa koo ana haki ya kujitetea, na nikiitwa niende. Sikumwambia kwamba kuna sehemu ya kipigo kile haikuwa kujitetea. Jiwe ameshtakiwa kwa baruti. Jicho moja halitaona tena.

Kaka, hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi, si jicho lake. Juzi nilikwenda hospitali kusafishwa sikio. Getini mwanamke mmoja akanishika kifundo cha mkono. Mwembamba, kitambaa amekivuta mpaka usoni, na chini ya kitambaa alama ya zamani, ya njano. Akasema yeye ni mke wa Jiwe. Nikajiandaa kutukanwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza dawa ya kikohozi:

"Ulimpiga na nini?"

Nikamwambia.

"Kirefu kiasi gani?"

Mikono yangu ikainuka kumwonyesha, nikairudisha. Nikamwambia asifanye hivyo. Nikamwambia aje kwetu, ngazi za nje, mlango wa kijani, usiku au mchana, mama mkwe yupo wakati wote. Akavuta kitambaa, akaondoka. Jiwe amepata dhamana, anaruhusiwa kutoka hospitali Alhamisi. Nilimweleza mama mkwe. Alinituma kwa fundi bomba kuazima godoro, akanisimamia kwa mkono wake mzima nikilitandika chini ya dirisha. Leo Jumapili. Mke wa Jiwe hajaja bado.

Usiache kwenda kijitoni kwako kwa sababu ya haya. Nenda asubuhi, inama, tazama maji kwa muda mrefu kabla ya kurusha chochote. Mwanzi nitakukatia mimi, nitautuma kwa dereva wa lori la sare akija huko mwisho wa mwezi.

Msalimie sana wifi, na umwambie asante kwa kitambaa. Salamu kwa watoto wote, kwa binamu yetu kinyozi na mkewe, na kwa shangazi kama bado anakumbuka majina yetu. Mama mdogo mwambie nimekueleza mwenyewe, asiongeze chumvi. Mama mkwe anakwambia umwombee apone, maana mkono mmoja hautoshi kunigombeza.

Mungu awalinde mnapotoka na mnapoingia, na mlango wenu usije ukabishwa na mtu anayekimbia. Na ukibishwa, fungueni.

Nakupenda, nami ni yule yule,

Dada yako,
Sindano