Zakaria, Nimeapa Kwamba Ulikufa kwa Malaria

Zakaria, mdogo wangu,

Kwanza usicheke mwandiko. Wewe ulikuwa mwalimu wa hesabu, mimi chaki niliishika jeshini, na jeshi lilinifundisha kuandika Kiswahili tu. Kiacholi chetu sijui kukiweka kwenye karatasi. Lakini katika kompania nzima, aliyekuwa akiwaandikia wenzake barua kwa wake zao ni mimi. Kwa hiyo vumilia.

Pili, nimekasirika. Na wewe hasa.

Tangu wale watu wa usalama wa miwani myeusi wakutoe dukani Kansanga wakakuingiza kwenye gari, mimi nimesema neno moja: Zakaria yuko safarini. Wazee wakatuma mtu kutoka nyumbani kuuliza kama waanze matanga. Nikamrudisha. Nikamwambia hatumlilii mtu bila kuuona mwili. Mkeo alitaka kunyoa nywele, nikamficha wembe. Hapa Bukoto nyumba nzima haikulia, kwa amri yangu, na amri yangu unaijua. Makuruta walikuwa wananyooka nikikohoa tu.

Halafu binti yetu Akello akashinda. Chuo cha udaktari cha Ulaya kimemwita! Usifikiri ni kichwa chako peke yako, damu yangu pia imo. Barua ya chuo tukapata. Pasipoti tukapata, na usiniulize nilisimama foleni gani. Sindano akachomwa mpaka mkono ukavimba. Kifua akapigwa picha. Nikawauliza bado nini, mnataka na meno yake?

Ikabaki viza. Tukaenda ubalozini, mimi na koti langu la medali. Mama mmoja wa Kizungu pale dirishani akamwuliza mtoto, baba yako yuko wapi? Akello akajibu kama tulivyomlea:

"Mmoja yule pale kwenye benchi. Mwingine hajarudi."

Yule mama akavua miwani. "Binti, una baba wangapi?"

"Wawili."

Basi, faili likafungwa. Ati mtoto mwongo! Nikainuka. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha vitani Burma kwamba kwetu kaka wa baba ni baba, jina lingine hana, na kama kwao mtoto anapewa baba mmoja tu, basi poleni sana. Akello akanivuta koti. "Baba, nyamaza, utaniharibia." Mimi! Ninyamaze! Nikanyamaza.

Yule mama akasema alete sahihi ya baba aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, au karatasi ya kuonyesha kwamba amekufa. Karatasi gani, Zakaria? Waliokuchukua hawatoi risiti. Niende kwenye geti lao nikawaulize, samahani vijana, mlimwua? Nitaingia, na mimi nitakuwa safarini.

Nikakataa. Nikakaa nyumbani nimenuna, chuo kinasubiri, mkeo ananitazama tu. Siku hizi jina la kwetu ni baya barabarani. Kwenye vizuizi askari wanauliza kabila kabla ya salamu. Akello akienda mjini mimi nasimama nje mpaka nimwone anarudi, mzee mzima kama mlinzi asiye na mshahara. Na unajua mtoto hakuniomba hata mara moja? Angelia ningemgombeza, ningepona. Nikamkuta anatoa nguo za safari kwenye sanduku, anazikunja, anamrudishia mama yake. "Si lazima, Baba. Nitasubiri arudi."

Nikaona huyu atasubiri hapa mpaka gari lile lije na kwake.

Nikaenda kortini Mengo. Hakimu kijana wa Kiganda, mpole, ananiita ssebo, yaani bwana, kila neno. Akaandika jina lako vizuri. Akauliza, amekufa kwa nini? Nikafungua kinywa. Yeye akatazama mlango.

"Mzee, tuandike malaria. Malaria haimkasirishi mtu."

Malaria! Wewe uliyelala bila chandarua maisha yako yote na mbu wakakupita kuja kuniuma mimi! Nilitaka kumtupia kiti. Badala yake nikashika Biblia nikasema, mdogo wangu Zakaria amekufa. Burma nimeona watu wakipasuka kando yangu, sikutetemeka, uliza yeyote. Pale hakimu aliniomba nirudie, sauti haikumfikia.

Nikarudi. Mkeo alikuwa mlangoni.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Basi na mimi niache sasa."

Akakaa chini palepale akalia. Zakaria, sikujua mtu anaweza kuificha sauti kubwa namna ile ndani ya mwili mdogo. Majirani wakaja. Yule mama wa Kikongo anayeuza dagaa akaacha meza yake, akamshika mabega, akalia naye kama vile alikujua. Mimi nikaenda nikaleta wembe, nikampa mkononi. Ndipo nilipojua kwamba umekufa. Kortini nilikuwa nasema tu.

Viza wamegonga. Jumamosi anapanda ndege Entebbe. Nitampeleka mwenyewe, na atakayetusumbua njiani atajua mimi ni nani. Sitalia. Macho yangu yanatoa maji siku hizi, lakini hilo ni vumbi, hata daktari alisema.

Bado nimekasirika. Mdogo ndiye anayemzika mkubwa, wewe ukaruka mstari, na hata mahali ulipo hukuacha habari.

Lakini lala sasa. Nilikuwa nimekushika shati huku, nikidai urudi, kama vile umechelewa kwa makusudi. Nimeachilia. Lala, ndugu yangu.

Na hili naliahidi. Siku hawa watakapoondoka madarakani nitachukua jembe nikutafute, kila shamba, kila kando ya mto, na nikikupata nitakupeleka nyumbani ukalale karibu na baba. Halafu nitarudi kwa yule hakimu, mlango ukiwa wazi, nimwambie afute malaria aandike walichokufanyia. Nikiwa nimekwisha kufa, atakwenda Akello. Nimeshamwambia, na ameitikia.

Kaka yako,
Matayo, Sajini