Nani Ashike Usukani Ijumaa

Sharjah, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Ijumaa iliyopita tumepoteza matairi yote mawili ya mbele, na nafasi ya tatu tuliyokuwa nayo imeondoka nayo. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu najua mdogo wangu Shee ameshakupigia, na najua alivyokwambia: gari la Lali ni bovu. Mama, gari si bovu.

Sasa pokea salamu zangu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa jirani yetu aliyesafiri, ilifika na kizibo chake? Mimi mzima, ila nimechoka uchovu ambao hauishi kwa kulala. Na wewe dada Somoe, unayemsomea mama haya kutoka kwenye picha nilizokutumia kwa simu, yasome yote. Usifike penye maneno makali ukasema hapa hapasomeki. Mwandiko wangu unasomeka. Nimeandika kwa kuwa nikipiga simu mama huanza kuniombea dua, na dua haikatizwi, kisha salio linakwisha nami sijasema kitu.

Mama, mchezo wenyewe si wa magari kufukuzana. Ni uwanja mtupu wa kuegeshea magari, wanapanga koni za plastiki, gari moja moja linaingia na kupinda kati yake, na saa inahesabu. Wanauita autokrosi. Ukigonga koni unaongezewa sekunde. Sisi tumo katika daraja la wanaoanza, kila mtu na gari lake la kawaida na matairi yake ya kawaida ya barabarani. Hili langu nililiokota nyuma ya gereji ninayofanyia kazi, limekufa, paka amezalia kiti cha nyuma. Nikalifufua mwenyewe katika siku zangu za mapumziko. Shee wakati huo alikuwa bado Kismayo, anapeleka abiria visiwani kwa boti ya mashine.

Lilipofufuka lilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukikata kona, pua inakataa. Magurudumu yamegeuka, gari linaendelea kwenda mbele kuifuata koni ya nje. Na kila linapokataa, matairi ya mbele yanaburutwa ubavu juu ya lami, na lami ya huku hata miezi hii ya ubaridi mchana haikanyagiki peku. Ukingo wa nje wa tairi unalika kama sabuni, wakati katikati bado jipya.

Wenzangu gerejini waliniambia nitafute matairi mapana yale yanayonata. Nikawaambia sitafuti dawa kabla ya kujua linaumwa wapi. Nilichukua chaki nikachora mistari ubavuni mwa tairi, kuanzia penye kukanyaga mpaka chini. Nikazunguka mara moja, nikashuka kuangalia. Chaki ilikuwa imefutika mpaka pale ambapo tairi halipaswi kugusa ardhi kabisa. Maana yake tairi linalala kwenye kona, linakanyagia shavu. Nilikuwa nimejaza upepo thelathini na mbili. Nikapandisha kidogo kidogo, nachora chaki upya kila mara, mpaka thelathini na nane ndipo chaki ikafutika panapotakiwa, isizidi. Tena hiyo ni thelathini na nane ya tairi lililopata moto. Asubuhi najaza thelathini na nne tu, mizunguko mitatu ya mwanzo inaongeza iliyobaki. Anayejaza thelathini na nane likiwa baridi atajikuta adhuhuri anaendesha mpira wa miguu.

Kisha nikayapima magurudumu. Yalikuwa yametazamana kwa mbele, kama mtu mwenye miguu iliyoingia ndani, ndiyo maana yalikuwa yanajisugua hata njia nyoofu. Nikayanyoosha. Juu nikayalaza kidogo kuelekea ndani, kiasi bolti zake zilivyokubali, ili gari likiinama kwenye kona tairi likanyage kwa uso wake wote. Matairi ya nyuma nikayapa upepo arubaini na mbili, magumu kusudi, ili mkia uwe mwepesi kuzunguka. Hapo utanielewa kuliko hawa wa gerejini, kwa sababu wewe umezaliwa kisiwani Ngumi na unajua chombo hugeuzwa kwa tezi, si kwa omo. Mkia ukikubali, pua nayo inakubali.

Na ilikubali, mama. Nilijaribu peke yangu asubuhi moja, kabla ya wenye uwanja kuja. Gari liliingia kona kama linaitwa nyumbani. Nikarudi kuangalia chaki: sawasawa. Nilikaa chini pale pale kwenye lami, nikacheka peke yangu.

Siku ileile jioni ukapiga simu. Ukasema, "Lali, wewe umeunda, inatosha. Mpe mdogo wako aendeshe. Babaako aliunda vyombo, ami yako Bakari akawa nahodha, na nyumba ikaenda." Nikakujibu ndiyo, mama. Ulinipa radhi siku naondoka kwa sharti moja, nisimnyime Shee kitu. Sijamnyima. Alipofika huku chumba changu ndicho chumba chake, kazi nilimtafutia, na usukani nikamwachia msimu mzima.

Sasa sikiliza ya Ijumaa. Siku hiyo walipanga kona moja iliyobana kuliko zote za msimu, inakuja baada ya njia nyoofu. Nilikuwa nimesimama pembeni. Shee akaingia mbio mno, pua ikakataa. Akazungusha usukani zaidi, ikakataa zaidi. Halafu, mama, nikasikia mashine inanguruma. Alikuwa anakanyaga mafuta! Matairi yakapiga kelele mpaka wachu waliosimama nami pembeni wakaziba masikio, koni tatu zikaruka, na gari likatoka nje ya mstari likiwa linafuka. Akarudia mizunguko mingine vilevile. Mwisho wake waya za ndani ya tairi zilikuwa zinaonekana kwa macho.

Nikamuuliza, "Shee, ulifanya nini pale?"

"Lilikataa kugeuka, nikalipa moto."

"Likikataa unalipa moto?"

"Warya, wewe Lali, umekaa gerejini mpaka umesahau bahari? Chombo kikikosa nguvu usukani haushiki. Mchu anaongeza mashine, kinageuka. Mimi nimevuka Kudhaa na mawimbi ya kusimama, nitashindwa na koni za plastiki?"

Na huyo hasemi uongo. Kwenye boti ya mashine ndivyo. Mashine iko nyuma, inasukuma na kugeuza kwa pamoja, ukiiongeza boti inazunguka. Lakini gari hili linavutwa na magurudumu yaleyale ya mbele yanayoligeuza. Ni mtu mmoja, mama, mkono huu anavuta wavu wa jarife, mkono huu ameshika usukani. Ukimwongezea jarife lingine atauachia usukani. Tairi lina nguvu yake ya kushika, haina ziada. Ukiitumia yote kuvuta, ya kugeuka haibaki. Dawa yake ni kufunga breki mapema wakati gari bado limenyooka, kuachia, kungoja pua iingie, ndipo ukanyage. Na ikikataa, kuurudisha usukani kidogo, si kuuzidisha. Nilimweleza hivyo. Nilimtembeza kwa miguu kwenye kona ileile. Unajua alinijibu nini?

"Kupunguza mwendo ndiyo kushinda? Umezeeka, Lali. Wewe fundi, funga bolti zako."

Wakacheka wote waliokuwepo. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Halafu hakuja kwangu na neno la samahani. Alikupigia wewe. Nawe ukanipigia mimi, ukasema, "Mtafutie mdogo wako matairi mengine, mwanangu, asivunjike moyo." Hukuniuliza moyo wangu mimi ukoje.

Matairi mengine hayapo. Nimeyahamisha ya nyuma kuyaleta mbele, na nyuma nimeweka makuukuu niliyoyapata gerejini, ambayo kwa bahati huko nyuma hayadhuru. Hayo mawili ya mbele ndiyo uhai wa gari. Ijumaa hii ndiyo siku ya mwisho ya msimu, na gari moja huandikiwa dereva mmoja. Akishika Shee, najua yatakavyokuwa ikifika adhuhuri. Nikishika mimi, huenda tukarudi tulipokuwa, huenda tusirudi. Sikuahidi ushindi. Nakuahidi kwamba chaki itafutika panapotakiwa.

Nisalimie shemeji yangu, mume wa Somoe, na mwambie jenereta lake tatizo ni kabureta, asibadilishe kitu kingine. Wasalimie wanawe waliobaki shuleni na vitabu vyao. Msalimie ami Bakari, mshikie mkono kwa niaba yangu, wala simsemi vibaya, alikuwa nahodha kweli. Shangazi aliyeko Fuma akija mjini mpe salamu na mwambie nimepokea samaki wake mkavu, tumemla siku mbili na chumba bado kinanuka, alhamdulillahi.

Mama, nina jambo moja nililolibeba tangu utotoni, nalisema leo kisha sitalirudia. Nakumbuka chombo kikubwa alichokiunda baba pale Ngumi, siku kilipoingia majini. Baba alikuwa na maji magotini na pamba ya kalafati aliyozibia mbao bado iko begani. Akamwambia ami Bakari, "Niachie usukani mpaka Kudhaa tu, niusikie ulivyo." Wachu wakacheka. Ami akacheka. Nawe, mama, ulikuwa umesimama ufukoni umenishika mkono, ukacheka. Baba akarudi akaanza kuokota vifaa vyake. Hakuomba tena, si kwa chombo kile wala kwa vilivyofuata, na amekufa hajui hata kimoja kinavyokuwa mkononi.

Sikulaumu kwa kicheko cha siku ile. Lakini mimi nimeomba mara ya kwanza, na sitaki kuchekwa.

Jina la dereva linapelekwa Alhamisi. Nakutaka jibu kabla ya adhana ya magharibi ya Alhamisi, na magharibi ya huku inatangulia ya kwenu, kwa hiyo usingoje yenu. Sema kwa sauti yako, Somoe arekodi anitumie. Usiniambie mtajuana wenyewe. Usiniambie nyote wanangu. Dua niombee baada ya jibu, si badala yake. Sema ashike Shee, nami nitamfungia bolti na kumjazia upepo kama kawaida, radhi yako iko palepale. Au sema ashike Lali.

Ni mwanao aliyeliunda,
Lali