Bega la Dale Kabla ya Msimu

Njia ya Kanisa la Zamani,
Pelkie, Michigan.
5 Novemba 2023

Mpendwa Wifi Arlene,

Hujambo wifi yangu? Natumaini joto la Arizona linaendelea kukutunza, na lile goti lililopasuliwa sasa linakubeba bila manung'uniko. Huku theluji ya kwanza imeshaanguka, kuni tumeziingiza, na mimi ni mzima. Bado naogelea na wanawake wenzangu kwenye bwawa la shule kila Jumanne. Watu wa huku wakifika hamsini hudhani kujifunza kumekwisha. Mimi ndipo nilipoanza, na sikujua hata kuelea. Kaka yako Dale alinicheka: "Unajitengeneza hivyo, unataka kuolewa tena?" Nikamjibu ndiyo, nikikosa mume.

Utani ule haunichekeshi tena. Ndiyo maana nakuandikia.

Dale anaumwa. Tangu Septemba, akipanda ngazi za ghalani husimama katikati akajifanya anatazama kitu. Bega la kushoto linamuuma, na maumivu yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Nikimuuliza, jibu ni lilelile: "Bunduki imenipiga teke, mama. Tulikuwa tunajaribu shabaha na Gordy." Unajua kaka yako ni mtu wa shoto, kitako cha bunduki hukaa bega hilohilo, kwa hiyo niliamini. Nani hapa hana bega lililovilia damu kabla ya msimu wa kuwinda kulungu?

Juzi nikitafuta betri za tochi kabatini, nikaikuta pakiti ya risasi aliyonunua kwa ajili ya mwaka huu. Haijafunguliwa. Binamu yenu Gordy alipotuletea viazi, nikamuuliza walipiga shabaha lini. "Mwaka huu? Hajakanyaga kwangu hata siku moja. Nilidhani wewe ndiye umemfungia ndani." Basi bega lile halikupigwa na bunduki yoyote.

Nilimpangia Dale miadi na daktari, akaifuta. "Msimu ukiisha nitakwenda," anasema. "Wakinikuta na kitu watanizuia kwenda kambini." Hapo nikajua kwamba yeye mwenyewe anajua ni moyo, na hofu yangu ikawa kubwa zaidi.

Sheria yenu ya kambi ya kuwinda unaijua kuliko mimi: aliyempiga kulungu ndiye anayemvuta mwenyewe, na haombi msaada. Nikimwambia mzigo ule kwenye theluji utamuua, ananitolea hadithi ya baba yenu. "Mzee Verner alikufa na kamba ya kuvutia kulungu mkononi, hakumwita mtu. Ndivyo mwanamume anavyoondoka." Anayasema haya akijivuna, Arlene, na mwezi ujao anatimiza umri uleule aliokufa nao baba yake.

Jumapili iliyopita nilipokupigia simu nikagusa habari ya mzee, ulisema una wageni, ukakata. Sikukasirika. Uongo, nilikasirika sana. Karatasi haikatiki kama simu, basi nisikilize mpaka mwisho.

Siku ya maziko ya mama yenu, tukiosha vyombo, uliniambia mwenyewe. Mwaka aliokufa mzee ulikuwa msichana na ulikuwa ukiwapikia wanaume kambini. Ulimsikia baba akiita kutoka kijitoni: "Njooni mnisaidie, mkono huu haunitii." Na wenzake mezani wakacheka: "Verner, leo unataka na kubebwa?" Wakamaliza kahawa yao kwanza. Ukaniomba nisimwambie Dale, kwa kuwa alikuwa mtoto na hadithi ile ndiyo urithi alioachiwa. Nimekutunzia siri hiyo mpaka leo. Lakini yule mtoto sasa ana mvi, na anakwenda kufa kwa kuiga jambo ambalo baba yake hakulifanya.

Nikimwambia mimi atasema nimetunga ili nimzuie. Akilisikia kwako, dada yake mkubwa, atakaa chini. Mficha maradhi kilio humfichua, na katika familia hii tunaoficha tumekuwa watatu. Mpigie kabla ya tarehe kumi na tano, siku wanayoingia msituni. Mwambie baba aliita. Usipompigia nitamwambia mwenyewe, hata kama baada ya hapo hutaniita wifi tena.

Nisalimie shemeji Russ, asicheze gofu jua likiwa utosini. Binti yetu Kristin anakusalimu. Dale naye anakusalimu, anasema soseji zako za kulungu zitakufikia Krismasi kama kawaida. Mungu akupe afya, na akufungue ulimi.

Wifi yako akupendaye,
Marlys

N.B. Dale amepita hapa mezani, akaiona bahasha, akakubandikia stempu mwenyewe. Ameibandika kwa mkono wa kulia, yeye mtu wa shoto.